Kidole Gumba cha Wakio

Ukitaka kugombana na Wakio, shika kikapu chake vibaya. Nilijifunza hayo wiki yangu ya kwanza sokoni Voi, nilipokalia kimoja nikidhani ni cha kukalia. Alinitimua, halafu akaninunulia chai, na tangu hapo tunauza bega kwa bega, yeye vikapu vya katani na mimi mandazi. Mimi ni mtu wa kuja, mke wa Khaemba wa shamba la mkonge. Yeye ni mzaliwa wa Ronge, na hata mchungaji wao humwogopa kidogo, kwa sababu akikosea wimbo Wakio humrudisha mwanzo mbele ya waumini.

Kazi yake ni ya vidole. Husokota uzi wa katani juu ya paja, na kidole gumba ndicho kinachomwambia kama uzi umeshika au bado. Macho hayana kazi hapo. Utamkuta anakusimanga huku anakutazama usoni, na mkono unaendelea wenyewe.

Mwaka jana polisi walikuja kutuondoa kando ya barabara. Koplo mmoja kijana, Sylus, akaanza kuburuta vikapu vyake kwenye vumbi.

"Beba, usiburute," Wakio akamwambia. "Si mikono uko nayo?"

Soko zima likacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana Sylus alimgeuza kwa nguvu, akamfunga pingu mikono ikiwa nyuma, akamsukuma garini.

"Afande, hizi zinanibana."

"Tulia, mama. Ukijitingisha zinakaza zaidi."

Na gari likaondoka likirukaruka kwenye mashimo. Pingu zina kifuli cha pili cha kuzizuia zisijikaze. Sylus alikijua, hakukifunga, na hasira zangu juu ya jambo hilo hazijaisha mpaka leo.

Walimwachilia jioni bila kesi yoyote. Mikono yote miwili ilikuwa imevimba. Wa kushoto ulipona, lakini kidole gumba cha kulia kilibaki na ganzi. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, huenda ukarudi, huenda usirudi. Uzi ukaanza kumkatikia. Siku moja niliona damu kwenye kikapu: alikuwa amejichoma sindano na hakujua. Nililia. Yeye akaniambia niangalie mandazi, yanaungua.

Akapeleka malalamiko kwa wachunguzi wa makosa ya polisi. Alitaka kitu kimoja tu: Sylus aseme mbele yao kwamba aliambiwa pingu zinabana, akakataa kuzilegeza.

"Na atasema," aliniambia, kama mtu anayesema kesho ni Jumanne.

Badala yake Sylus alikuja nyumbani kwa Wakio. Naye ni wa milima hiyohiyo ya Ronge, kwa hivyo alikuja na mjomba wake, mzee Donald, na sukari, na leso mbili, na maneno matamu.

"Mama Shanice, mtoto amekosa," mzee akamwambia Wakio. "Tumalizane hapa nyumbani. Mshikane mikono, yaishe."

Mkishikana mikono mbele ya wazee, neno limekwisha, na atakayelifufua ndiye atakayelaumiwa. Nilikuwa nimekaa kando ya Wakio kama shahidi wake, nami nikadhani yameisha alipounyoosha mkono wa kulia. Sylus aliudaka upesi.

"Ngoja," Wakio akasema. "Nifinye hapo kwa gumba."

Akafinya kidogo.

"Finya, koplo. Ile siku nguvu ulikuwa nazo."

Akafinya mpaka ukucha wake ukaacha alama. Wakio alikuwa akimtazama usoni, wala hakupepesa macho. Aliyeachia ni Sylus.

"Mama, kwani husikii?"

"Sisikii. Kwa hivyo hatujashikana. Wewe ndio umeshika, mimi sina habari." Akamgeukia mzee. "Baba, mtu anaweza kupatana na hajui amepatana?"

Mzee Donald alikuna kidevu, akasema hapana. Angesema nini tena?

"Basi rudini na sukari yenu. Kusamehe, nilishamsamehe kanisani. Lakini akaseme."

Sylus aliketi akiangalia ile alama ya ukucha. "Nitasema, mama," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sokoni hakuwa nayo.

Na alisema. Nilikuwepo. Alisimama mbele ya wachunguzi, kofia mkononi. "Aliniambia zinambana. Nilisikia. Nilimwambia atulie." Hakuongeza kisingizio, na hilo nampa.

Tulipotoka nje alimfuata Wakio, akampa mkono. Wakio akanyoosha wa kushoto. Sylus akasita, maana kwao na kwetu kumpa mtu wa kushoto ni tusi.

"Shika," Wakio akamwambia. "Huu unasikia."