Kidato Kilichoachia

Siku niliyovunjika mgongo, aliyeingia na mimi chumba cha daktari hakuwa mke wangu.

Alikuwa bosi wangu. Na yeye ndiye aliyekuwa anajibu maswali.

Naitwa Leland. Nimekulia Nebraska, kwenye mji ambao kama hufanyi kazi reli, basi unawapikia wanaofanya. Mimi nilikuwa wa kuunganisha na kutenganisha mabehewa ya mizigo.

Asubuhi hiyo ya Januari baridi ilikuwa inang'ata masikio. Nilikuwa nashuka ngazi ya behewa la nafaka. Nikakanyaga kidato cha mwisho.

Kikaachia.

Nikatua kwa mgongo juu ya chuma cha reli.

Verlin, dereva wa treni yetu na mshikaji wangu wa siku nyingi, alisimamisha kila kitu akaja mbio. Akakitazama kile kidato kinavyoning'inia kwa bolti moja. Akavua koti lake akanifunika.

Haskett, msimamizi wetu, hakuita gari la wagonjwa. Alinipakia kwenye pikapu yake.

"Kaza, mwanangu," akaniambia njiani. "Unapumzika kidogo, unarudi mzigoni. Mambo ya nyumbani tunayamaliza nyumbani."

Kwa daktari wa kampuni ndipo akanimaliza.

"Mpe vidonge vya maumivu vya kawaida tu. Huyu jamaa ni ngangari."

Na mimi na maumivu yangu nikatabasamu kama fala. Nikaruhusiwa.

Kulipokucha, mguu wa kushoto sikuusikia. Ulikuwepo, nauona, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Mke wangu Marcy anapika shule ya msingi. Si mtu wa maneno mengi.

"Haskett alisomea udaktari lini?" akaniuliza.

"Marcy, yule mtu ananijali."

"Vaa koti."

Akanipeleka kwa daktari wetu wenyewe. Nikapimwa upya. Pingili mbili za mgongo zimepasuka, na kipande kimoja kimeugandamiza mshipa wa fahamu wa mguu. Nikafanyiwa upasuaji haraka.

Niliporudi nyumbani, Haskett akaja na sufuria ya supu ya kuku aliyopika mkewe. Na ripoti ya ajali, imeshajazwa. Imeandikwa kwamba niliteleza kwenye barafu kwa kutokuwa makini.

"Saini hapo chini tu, ndugu yangu."

Marcy akapokea supu. Ripoti akamrudishia.

Halafu akampigia Opal, mama mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi. Opal ana vidole vitatu mkono wa kulia. Viwili alivisahau kati ya mabehewa.

"Ripoti unaandika wewe, leo hii," Opal akaniambia. "Na usiandike ulichoumia tu. Andika kilichokuumiza. Hapa kwetu mtu wa reli halipwi kwa sababu tu ameanguka. Unaonyesha kosa la kampuni liko wapi. Nani aliona?"

"Verlin."

"Mwandike. Na mtu wa kampuni akikupigia anataka kukurekodi, usimpe hata salamu mpaka uwe na wakili."

Kweli, akapiga. Sauti tamu kama asali. Marcy akakata simu.

Opal akaenda kulipiga picha lile behewa. Akakuta kidato kipya, rangi bado inanukia.

Kampuni ikasema ngazi ilikuwa nzima siku zote.

Nikabaki na Verlin tu. Nikampigia.

"Leland, kaka... mimi sikuona vizuri. Kulikuwa na ukungu."

Hakukuwa na ukungu. Mimi na yeye tulikuwa tunajua.

Simu ile iliniuma kuliko ule upasuaji, wakuu. Huyu mtu ndiye aliyesimama na mimi siku naoa.

Jumapili moja baada ya ibada akagonga mlango. Marcy akamwekea kahawa mezani, akamvutia kiti.

"Nitasimama, shemeji."

"Kaa bwana," nikamwambia, "hatukuli."

Akashika mgongo wa kile kiti kwa mikono yote miwili. Vidole vikawa vyeupe.

"Siwezi kukaa, Leland. Kile kidato kiliniangusha mimi kwanza. Kabla ya Krismasi."

Marcy akaweka birika chini, Verlin akaendelea.

"Nikamwambia Haskett. Akasema tukinyamaza atakitengeneza kimyakimya. Bado miaka miwili nistaafu. Nikanyamaza. Nikawa namwambia mke wangu haya maumivu ya mgongo ni uzee."

Marcy alitoka nje, akakaa barazani kwenye baridi ile bila koti.

Verlin aliapa na kuyasema yote mbele ya mawakili. Kampuni ikalegea, nikalipwa. Natembea kwa fimbo. Kwenye behewa sipandi tena mpaka nife.

Haskett alihamishiwa kituo kingine.

Verlin wakamfukuza kazi. Kosa lake: alichelewa kuripoti ajali yake.

Huwa anakuja, tunaangalia mpira, yeye amesimama, mimi nimelala kwenye kochi. Hajaniuliza kama nimemsamehe. Nashukuru, maana jibu sina.

Wewe unayesoma hii na una kazi ya chuma, ukiumia sema siku hiyohiyo. Nenda kwa daktari wako, si wa bosi. Taja kilichokuangusha, mbele ya watu, hata kama umeinuka mwenyewe ukajikung'uta vumbi.

Verlin alinyamaza ili alinde kazi yake. Kazi haipo, mgongo wake haupo, na wangu akauongeza juu.