Inchi Kumi na Tatu

Propela ya boti imekaa karibu mwaka mzima ndani ya gunia la viazi, nyuma ya mlango wa chumba changu cha Mjimwema. Nimeshaihamisha mara tatu. Mimi siamini mizimu. Nimesoma uhandisi miaka minne, na hata kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kumuuliza katekista maswali mpaka anafunga kitabu. Lakini kila asubuhi kiwanda cha mbao cha jirani kinapoanza kazi, msumeno ukiingia kwenye gogo bichi, sauti yake inashuka, inakuwa nzito, inalalamika, nami naacha chai yangu ipoe. Ndiyo sauti ya injini ya baba mdogo siku ile ziwani.

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu. Alisema mwaka unatimia, na familia itakwenda na boti ileile kuomba pale mumewe alipozama. Injini imeshatengenezwa, imebaki propela. Akasema nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua.

Baba mdogo alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Alizaliwa kwenye baridi hii ya Njombe, akaoa binti wa Ludewa, kule chini ziwani, na kila alipoteremka kwa wakwe alirudi na ndoto moja: boti ya kutembelea tu, si ya kuvulia wala ya mizigo. Watu walimcheka. Mtu wa milimani ana nini na boti? Alipoipata, nyeupe, ya faiba, yenye injini ya nguvu farasi arobaini, ilikaa uani kwake miezi miwili, kuku wakitaga ndani. Propela iliyokuja nayo ilikuwa imekatika jani moja. Ndipo akamwita msomi wake, mimi.

Propela huchaguliwa kwa upana na kwa pichi. Pichi ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Pichi kubwa ni kama gia nzito ya baiskeli: kwenye tambarare unapaa, mlimani unakwama. Injini ile, ukifungua mafuta yote, ilitakiwa ifike kati ya mizunguko elfu tano na elfu sita kwa dakika. Isipofika, pichi ni kubwa mno kwa mzigo uliopo. Kwa hiyo huanzi na injini. Unaanza na watu.

Nilimuuliza mama mdogo watapanda wangapi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Kwetu watu wa safari ya majini hawahesabiwi," alisema. "Ukiwahesabu, unalionyesha ziwa fungu lake."

Nikacheka. Nikamwambia ziwa halijui hesabu. Baba mdogo akasema ni mimi na yeye tu, labda na mama mdogo akipenda. Nikaandika wanne, nikajiona mwangalifu.

Makambako kulikuwa na fundi wa pampu na majenereta aliyekuwa na propela mbili za mtumba zinazoingia kwenye injini ile, moja ya pichi ya inchi kumi na moja na nyingine ya kumi na tatu. Alinishauri nichukue ndogo, akisema boti ya mtu mwenye ndugu haiendi tupu. Nikambishia, nikamchorea hesabu kwenye boksi la betri. "Sawa, mwalimu," alisema, akanifungia ile ya kumi na tatu kwenye gunia la viazi.

Tulipoijaribu, mimi na baba mdogo peke yetu, mshale wa kipimo cha mizunguko ulifika elfu tano na mia saba. Boti iliinuka ikateleza juu ya maji. Baba mdogo alivua kofia akaimba pambio. Sijawahi kuwa sahihi kama siku ile.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mashemeji zake walikuwa wametutangulia ufukweni na nguo zao za kanisani. Nani atamwambia shemeji nafasi imejaa? Tulipanda wanane. Maboya ya kuvaa yalikuwa saba, na mwenye boti ndiye aliyekosa.

Mshale uligoma kwenye elfu nne. Pua ilitazama juu, nyuma kukazama, injini ikaanza kulia ile sauti. Nilikaa karibu na mshale. Niliuona, na kati ya wote ni mimi niliyejua namba ile inasema nini. Ilitosha kusema turudi, tushushe watu. Sikusema, kwa sababu ingebidi niseme pia kwamba msomi amekosea. Upepo wa kusini ulipoamka tulikuwa mbali, na boti haikuwa na nguvu ya kuyakimbia mawimbi. Maji yakaingia kwa nyuma. Baba mdogo alisimama kuyachota. Likaja wimbi moja, likamchukua. Sikusikia kelele yoyote.

Wavuvi walituvuta hadi ufukweni. Yeye walimpata siku ya tatu.

Baada ya mazishi niliifungua propela kwa mikono yangu, nikadanganya kwamba inahitaji kusafishwa. Nyumbani wapo wanaosema ni husuda, wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu. Nimeyahoji yote mawili, na langu pia, kwamba ni propela. Kwa kila inchi moja ambayo ningeipunguza, injini ingepata mizunguko kama mia mbili zaidi. Je, ingetosha? Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara jibu ni pengine. Ninachokijua ni kwamba yule niliyemcheka alikataa kuhesabu, na mimi niliyeamini hesabu niliingiza namba ya kubuni.

Jana nilikwenda kwa mama mdogo na gunia. Alikuwa anamenya viazi. Niliitoa propela, nikaiweka mezani, nikamweleza yote: ushauri wa fundi, wale wanne, mshale, ukimya wangu.

Kisu hakikusimama.

"Mimi nimezaliwa ziwani, mwanangu. Unadhani sikuisikia? Mashine ikilia vile, hata mtoto wa kwetu anajua imelemewa. Waliokaa nyuma ni kaka zangu. Ningemshusha nani?"

Nilikuwa nimekwenda kulaumiwa. Nikauliza lile swali la kazi yangu, watapanda wangapi, safari hii kwa sauti ndogo. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaanza kukunja vidole. Yeye, mimi, kaka zake wawili, wifi yake, watoto wawili. Kisha akakishika kidole cha nane, akakaa nacho.

"Andika wanane."

"Tumebaki saba, mama mdogo."

"Andika wanane."

Leo niko Makambako, kwenye kibanda cha fundi yuleyule. Ameniwekea ya inchi kumi na moja na ya kumi, akaniuliza tutapanda wangapi. Nimemwambia wanane. Nimechukua ya kumi, na maboya manane. Kwa watu saba itakuwa nyepesi kidogo, na injini itabakiza nguvu ya kubeba mtu mmoja zaidi.