Kompyuta Tuliyoinunua Stima Ikiwa Imepotea

Baba yangu alipostaafu ukarani huko Nairobi, alirudi nyumbani Nyansiongo na godoro, sanduku la vitabu, na kompyuta. Wenzake wa ofisini walimwambia ni zawadi ya kumuaga. Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa kwamba ofisi ilikuwa imenunua mashine mpya, na hakuna aliyetaka kuiteremsha ile ya zamani kutoka ghorofa ya nne. Baba aliiteremsha mwenyewe, akashukuru.

Iliwekwa sebuleni, mezani peke yake, mama akaifunika kwa vitambaa vitatu vya kufuma. Wageni walionyeshwa kama wanavyoonyeshwa mtoto mchanga: kitambaa kinainuliwa kidogo, wanatazama, wananong'ona, kinashushwa. Baba alikuwa katibu wa kamati ya kanisa, katibu wa kamati ya shule, na katibu wa kamati ya josho la ng'ombe. Sidhani kama watu walimpenda kiasi hicho. Walipenda kumbukumbu za mkutano zilizopigwa chapa.

Kufikia mwisho wa miaka ya tisini mashine ilikuwa imechoka. Baba aliiwasha asubuhi, akaenda kukamua, akarudi, akanywa chai, ndipo ikawa tayari kuzungumza naye. Kisha herufi a ikafa. Kwa Kiingereza mtu anaweza kujikongoja, lakini Kiswahili bila a ni mifupa mitupu. "Mkutno ulifunguliw kw mombi," ndivyo karatasi zilivyotoka, na baba akaketi na kalamu ya bluu kuzijaza a zote moja moja. Katika kikao kimoja, mjumbe wa josho aliinua mkono akauliza kama herufi za bluu ndizo zilizopitishwa.

Hilo alilivumilia. Lisilovumilika ni habari kwamba mwalimu mkuu mmoja wa Nyaramba, ambaye walisoma naye darasa moja na ambaye, kwa maneno ya baba, hakujua hata kugawanya, alikuwa amenunua kompyuta mpya.

"Hata mtu wa Nyaramba!" alisema mezani, ugali ukimpoa mkononi. Bonasi ya mwaka, ya majani chai tuliyouza kiwandani, ilikuwa imeingia, na mama alikuwa ameweka akiba ya maziwa kwa ajili ya mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Ng'ombe hawana kamati. Ilikatwa kauli kwamba tungenunua kompyuta, ila ya bei nafuu.

Mtaalamu wa kuichagua nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya miezi mitatu katika chuo kimoja mjini Kisii. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita, mbili kati yazo zikiwaka, na sisi wanafunzi thelathini. Kupiga chapa tulijifunzia kwenye karatasi ya manila iliyochorwa vibonye; tuliigonga kwa vidole vyote kumi huku mwalimu akihesabu. Cheti changu, hata hivyo, kilikuwa na muhuri wa dhahabu, na baba alikitundika ukutani. Mtu akikutundikia cheti ukutani, ni vigumu kumwambia hujui kitu.

Basi siku ya soko tulikwenda Kisii, watatu, katika pikapu ya jirani iliyokuwa imepeleka maziwa.

Tulianzia kwa Mhindi mmoja aliyeuza mashine za taipu, karatasi na kalamu, duka alilorithi kwa baba yake. Alikuwa na kompyuta mpya moja tu, dirishani, na bei yake ilikuwa ya ng'ombe, tena si ng'ombe mmoja. Alimsalimu mama kwa Ekegusii, lugha yetu, safi kuliko changu, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, ile ya zamani ina shida gani?"

"Imezeeka," baba akasema.

"Imezeeka vipi?"

Mimi nikamtajia aina yake, nikasema herufi a haiandiki, na inachelewa kuamka.

Mwenye duka akainama chini ya meza, akatoa kibodi ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mbele yetu. "Chukua hii. Ukifika nyumbani, kama bado ni mzee, niletee nimtazame."

Mama alitabasamu. Baba aliitazama ile kibodi kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa kijiko.

Aliiacha pale mezani, na tulipotoka nje alisema, "Ananiona mimi ni mtu wa vipande vipande."

Duka la pili lilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Bango lake lilitangaza wataalamu wa kimataifa. Mtaalamu alikuwa mmoja, kijana wa tai nyekundu na shati lenye mikono mirefu kuliko yake, na alimwita baba "Mkurugenzi" kabla hatujaketi. Nilimwona baba akinyooka mgongo. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ofisini kwa miaka ishirini na saba.

Kulikuwa na kompyuta tatu. Zote, alisema, zimetoka ng'ambo, zimetumiwa kidogo tu na watu wasafi. Moja ilikuwa ndogo nyeupe, ya pili ya kijivu, ya tatu kubwa, nyeusi, imesimama wima kama kabati. Baba hakuwa na njia nyingine ya kupima, kwa hiyo alizinyanyua. Alizishika moja baada ya nyingine kama anavyochagua ndizi za kupika, na ile nyeusi ilipomshinda kidogo, akaridhika. Mbele ya mashine hiyo kulikuwa na kibandiko cha rangi kikisema kwamba iko tayari kwa mwaka wa elfu mbili. Siku hizo watu walihubiri hata kanisani kwamba mwaka huo ukiingia, kompyuta zote duniani zitakufa. Yetu ingeokoka.

Kijana akanigeukia. "Na wewe sister, unataka ramu ngapi?"

Nilijua ramu ni neno la kompyuta. Nilijua liko kwenye cheti. "Ya kutosha," nikasema.

"Hii inayo ya kutosha."

"Basi ni nzuri," nikasema, na baba akanitazama kwa fahari ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, kikapu mkononi. Sasa akaniuliza kwa Ekegusii kama mashine inawaka. Lugha yetu ina mtego wake: baba ni mama, na tata ndiye baba. Kwa haraka, na kwa Kiswahili kilichochanganyika na cha nyumbani, nikamwambia kijana, "Baba anauliza kama inawaka."

Kijana alikuwa mtu wa Mkoa wa Magharibi, si wa kwetu. Akamgeukia baba yangu. "Mkurugenzi, wewe mwenyewe unaona stima imepotea tangu asubuhi."

"Mimi sijauliza," baba akasema, akiudhika.

"Niliyeuliza ni mimi," mama akasema.

Ni kweli mji mzima haukuwa na stima. Lakini chini yetu jenereta ya kinyozi ilikuwa ikinguruma, na mama akaelekeza kidole sakafuni. Kijana akacheka kwa huruma. "Mama, hii ni mashine nyeti. Stima ya jenereta inaweza kuichoma moyo."

"Sisi ng'ombe tunamkamua kwanza, ndipo tunamnunua," mama akasema.

"Kompyuta si ng'ombe," baba akajibu, na akaingiza mkono mfukoni.

Jumamosi, baada ya ibada, wazee wa kanisa wanne walikuja kuiona. Mama alipika chai na mandazi. Mmoja aliomba sala ndefu, akaikabidhi mashine mikononi mwa Mwenyezi, ambaye kwa maoni yangu ndiye pekee aliyeweza kuisaidia. Ilikuwa Sabato, lakini baba alisema kuwasha si kazi, ni ushuhuda. Akabonyeza.

Iliwaka. Ilinguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maneno mawili ya Kiingereza yakidai neno la siri, na kidoa cheupe kikipepesa.

Baba aliandika jina lake. Mashine ikakataa. Akaandika la mama, ikakataa. Mzee mmoja akapendekeza Ebenezeri. Mwingine akasema jaribu Sayuni. Walipitia nusu ya Agano la Kale.

"Andika Mwizi," mama akasema kutoka jikoni.

Macho yote yakanigeukia mimi, kisha cheti ukutani, kisha mimi. "Imetoka ng'ambo," nikasema. "Inazoea hali ya hewa kwanza." Wazee wakatikisa vichwa kwa uelewa. Nyansiongo kuna baridi, na mmoja wao akashauri tuifunike blanketi. Tuliifunika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na cheti cha dhahabu, na nilisaidia kuifunika kompyuta blanketi.

Jumatatu tuliibeba kurudi Kisii. Kinyozi alikuwepo, jenereta ilikuwepo, na bango lilikuwepo. Mlango wa juu ulikuwa na kufuli. Kinyozi alisema kijana amehamia Eldoret, au Kitale, na kama tungempata, tumkumbushe kwamba ana deni la nywele alizonyolewa.

Baba alikaa juu ya ngazi, kofia magotini. Sikuwahi kumwona ameketi ngazini. Nilingoja anigombeze, ningefurahi angenigombeza. Alisema tu, "Ulisema ni nzuri."

"Sikujua, Tata. Niliposema ya kutosha, maana yake ilikuwa sijui."

Mama alikuwa ameshuka tayari, akitembea kuelekea kwa Mhindi, na sisi tukamfuata tukiwa tumebeba kile kikabati cheusi kama jeneza.

Mwenye duka hakutaja kibodi wala bei. Alifungua mashine kwa bisibisi, akapuliza vumbi la nchi za watu, akachomoa betri ndogo kama kifungo cha koti, ambayo ndiyo hulishikilia neno la siri na tarehe, akaiweka kwenye sahani ya chai. Kisha akaagiza chai, tukanywa. Alimuuliza mama kuhusu bei ya maziwa. Baada ya muda akairudisha betri, akawasha, na mashine ikafunguka bila kudai neno. Tarehe yake, ilipoamka, ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Mwaka wa elfu mbili ulikuwa bado mbali sana kwake.

Alibonyezabonyeza, akasoma, akakuna kidevu. "Mzee, hii ni ndugu ya ile ya nyumbani."

"Ndugu mdogo?" baba akauliza.

"Mkubwa."

Mama aliweka kikombe chini taratibu sana. Naamini alikuwa anajizuia, na alijizuia mpaka tulipofika nyumbani, ambako alicheka peke yake zizini hadi ng'ombe wakageuka kumtazama.

Ndani ya mashine tulikuta orodha za chakula cha mchana za shule fulani ya watoto wadogo ng'ambo, miaka mitatu mfululizo. Baba alizisoma zote. Alisikitika kwamba watoto wale walipewa kabichi mara mbili kwa wiki. Kisha alianza kuitumia, kwa sababu fedha zilikuwa zimekwenda na herufi a ilikuwa hai, na kanisani alitangaza kwamba kompyuta imefunguka. Nani aliyeifungua, hakusema, na wazee wakadhani ni sala.

Mimi nilirudi kwa mwenye duka peke yangu siku chache baadaye. Nilimwomba anifundishe. Nilikuwa nimekishusha cheti ukutani na kukileta ndani ya bahasha.

Alikisoma mbele na nyuma. "Hiki kirudishe nyumbani," akasema. "Wewe njoo kesho."

Nilifanya kazi pale miaka minne. Mwaka wa kwanza nilifagia, nikafungua skrubu, nikazifunga tena. Baba alikuja mara moja tu kunitembelea, akitafuta utepe wa printa, na dukani kulikuwa na foleni. Alisimama nyuma ya watu wote akiwa na fimbo yake, na zamu yake ilipofika akaniita "Fundi," kwa sauti kubwa, kila mtu asikie. Nikampa utepe. Hata leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananisimanga.