Risasi Moja, Sufuria Moja

Kibali changu kiliruhusu bunduki moja tu, kwa hiyo na aina moja ya risasi. Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika shamba la ngano la serikali huko Hanang, na kazi ile ilinifundisha kuheshimu kifaa kinachoingia kwenye mashine nyingi. Nilitaka risasi ya namna hiyo: imtoshe pofu, mnyama mkubwa kama ng'ombe, isimharibu digidigi mdogo.

Niliazima kitabu cha bunduki, nikakisoma kwa msaada wa kamusi. Nyumbani Dongobesh nilimsomea mke wangu namba, uzito na mwendo wa kila risasi huku yeye akichambua maharage.

"Hiyo kubwa, tatu sabini na tano," akauliza, "ikimpata digidigi nitapika nini? Masikio?"

Nikaifuta. Ndogo, ishirini na mbili, ilifaa sungura na kanga. Swala ingemjeruhi tu. Ikabaki ya kati, thelathini sifuri sita, yenye kichwa kizito, maana kichwa kizito kiendacho taratibu kidogo hakichani nyama kama chepesi kiendacho kasi. Nyati nilimsamehe.

Kikwazo kilikuwa rafiki yangu, dereva wa kombaini ya kuvunia ngano, Mwislamu kutoka Kondoa. Kila Jumapili nikitoka kanisani alikuja kula kwetu.

"Bwana Stoo, mimi lazima mnyama achinjwe akiwa hai. Hiyo yako itaniachia mzoga. Nunua ndogo."

"Ndogo itamtesa. Atakwenda kufia porini, tukose sote."

"Kwa hiyo kitabu kimeninyima nyama?"

"Hakijakunyima. Ongeza mbio."

Alitazama tumbo lake, akacheka. Kicheko hakikufika mbali. Nami niliondoka bila raha: nilikuwa naenda kununua bunduki ya kulishia meza ambayo yeye huenda asiisogelee tena.

Hata hivyo nilinunua ya kati. Mavuno yalipokwisha, leseni ya kuwinda ikiwa mfukoni, tulitoka wawili, mimi na dereva, upande wa Balangdalalu. Swala dume alikuwa kando ya mabua ya ngano. Nilipoinua bunduki nikasikia kitu nyuma yangu. Dereva alikuwa anavua viatu.

Nilifyatua. Swala akaanguka, na dereva akanipita na ovaroli yake, kisu mkononi, akiruka matuta kama mtu aliyeitiwa mshahara. Kitabu changu hakikuwa kimeandika lolote kuhusu mwendo wa namna ile.

Nilimwona akiinama. Nikasimama pale pale, bunduki begani, nikisubiri kujua kama nimempoteza mgeni wangu wa Jumapili.

"Alipepesa jicho!" ikaja sauti. "Bwana Stoo, alipepesa, nikamchinja! Tena amenipiga teke!"

Jumapili mke wangu alipika bega zima, maana halikuharibika, katika sufuria moja. Dereva aliongezewa mara mbili. Alikula akiwa amekalia upande mmoja. Lile teke lilikuwa la kweli.