Mama Anayekondesha Picha

Itangazwe rasmi, na wenye kofia wavue: katika duka la kuchapa nyaraka nyuma ya posta, yupo mama anayekondesha picha bila kuziharibu sura. Kusalimia hasalimii. Anauliza tu, "Itachapwa, au itasomwa kwenye kompyuta?" huku akifuta kipanya kwa kitambaa cha miwani. Kila picha huikuza kwanza mpaka pua ijae skrini, akaguna, ndipo akaipunguza kidogo kidogo, ameinamisha kichwa kama anayeonja chumvi.

Leo aliyeijaza skrini kwa pua ni mwalimu mmoja anayeomba ukuu wa shule. Maombi yanafungwa saa sita kamili, na mtandao umeyakataa mara nne kwa uzito wa picha.

"Lakini picha nimeipunguza mwenyewe, mama! Nimevuta kona mpaka ikawa kama stempu."

"Umeibana tu, mwalimu. Picha nzima bado imo humo ndani. Tembo ukimtazama kutoka mbali, kilo zinapungua?"

"Basi punguza, ila ubora usiuguse! Kamati inataka kuona sura ya kiongozi."

Mama akaguna mara mbili, jambo lisilo la kawaida. Akapunguza, akatazama, akapunguza tena. Saa sita kasoro dakika moja, mtandao ukaandika: yamepokelewa. Mwalimu akashusha pumzi, akanyoosha tai.

"Mama, niambie ukweli. Sura yangu haijapoteza kitu?"

"Punje ya wali shavuni," akasema mama, akifuta kipanya. "Sasa haionekani."