Mutoto Aliyelala Mugongoni

Katika mwaka wa pili wa ndoa yangu nilikuwa na mimba mugongoni. Musicheke. Miaka ile ya hamsini, Goma nzima ilijua jambo hilo: mimba ikishtuka inaacha tumbo, inapanda mugongoni, inalala. Inaweza kulala mwaka, inaweza kulala miaka mitano. Mutoto hajafa, hajapotea, amelala tu, na siku moja atageuka, atarudi mbele, atazaliwa kama watoto wa watu wengine.

Nilitoka milima ya Masisi nikaolewa na fundi wa mbao, aliyefanya kazi kwa muzungu mumoja aliyekuwa anajenga nyumba kandokando ya ziwa. Tulikaa watatu, mimi, bwana yangu na mama yake, kule wanakoita leo Majengo. Wakati ule kulikuwa mawe meusi tu, na maharagi tuliyopanda kwenye udongo kidogo uliokaa katikati ya mawe. Mwezi wa tatu baada ya harusi damu yangu ilikatika. Mwezi wa nne haikuonekana, wa tano vilevile. Mama mukwe akaanza kunipikia uji wa mutama kila asubuhi, akanikataza kubeba maji. Bwana yangu, mutu asiyesema sana, akaanza kupiga miluzi njiani akirudi kazini.

Mwezi wa saba, siku tunapalilia, damu ikaja, tena nyingi. Nilikaa chini nikalia kama mutu aliyefiwa. Mama mukwe aliniangalia, akaja nyuma yangu, akaniwekea mukono katikati ya mabega, akasema kwa sauti ya kufika kwa majirani wote: "Ameshtuka! Amepanda mugongoni! Huyu ni wa kwetu kabisa, hata baba yake alilala miaka mine!"

Kweli, bwana yangu alikuwa mutoto wake mumoja tu, na alichelewa kuzaliwa. Basi, nani angebisha? Mimi sikubisha. Nilifuta machozi nikashika jembe.

Yoo, namna gani nitawaeleza miaka ile? Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaingia mpaka ndani ya nyumba, ukachanganyika na moshi wa jiko, usijue upi ni upi. Nilikaa mulangoni, mugongo kwenye ukuta uliopata joto la moto, nikamusikia. Naapa nilimusikia. Alijinyoosha kidogo, akatulia. Nilimuongelesha. Nilimuambia mvua imenyesha, nilimuambia baba yake amekwenda kazini bila kula. Nilitembea polepole nisimuamushe, halafu nikakumbuka kwamba namutaka aamuke, nikakanyaga kwa nguvu. Damu ilipotea miezi mine, ikaja, ikapotea mitano tena, na kila ikipotea mama mukwe alinipaka mafuta ya ng'ombe mugongoni akisema, "Anageuka, anageuka." Alininywesha pia majani machungu, machungu ya kukunja uso mpaka jioni.

Lakini yule mutoto alikuwa na kazi nyingine, na wote tuliijua. Baba mudogo wa bwana yangu, ndugu ya marehemu baba yake, alitaka nirudishwe kwetu. Alikuwa ameishaona musichana wa kushika nafasi yangu, upande wa Rutshuru. Alipoambiwa kwamba padri ndiye alitufungisha ndoa, alijibu kwamba padri mwenyewe hana bibi, atamufundisha nini. Kitu kimoja tu kilimushinda: hakuna mutu anayemurudisha kwao mwanamuke mwenye mimba, hata kama mimba imelala. Kwa hiyo kila mwaka, mutama ukiishavunwa, alikuja na wazee wa ukoo, akaketi, akauliza, "Bado?"

Mama mukwe anajibu, "Bado. Analala."

"Huyu mutoto amechoshwa na nini? Amelima wapi?"

Wazee wanacheka. Mimi nacheka pia, ndani nimeungua.

Na wanawake wa kuchota maji! Siku moja mutoto wa jirani alikuwa analia kule ziwani, nikasema pengine ana kiu. Mama yake akanigeukia: "Uchungu wa mwana aujuaye muzazi." Nilitua chungu changu, nikamuambia, "Basi niazime huo uchungu, wewe unao mwingi, unaumwaga ovyo." Tukashikana nguo. Nilirudi bila maji, chungu kimevunjika, na sikujuta hata kidogo.

Mwaka wa nne baba mudogo alisema mavuno haya ndiyo ya mwisho. Mimba gani hii, hata tembo angeishazaa. Ndipo bwana yangu akasema atanipeleka kwa munganga muzungu. "Wako na dawa ya minyoo, wako na dawa ya malaria," aliniambia, "watakosa dawa ya kuamusha mutoto?" Akavaa kofia na viatu vya Jumapili. Kule hospitali wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Alimushika mukono musaidizi wa daktari, yule aliyekuwa anatafsiri, akamuambia polepole: "Mwambie munganga asitumie dawa kali. Ni mutoto bado."

Musaidizi aliangalia chini. Neno lile hakulitafsiri.

Munganga alinibonyeza tumbo, akauliza habari za miezi yangu, akaniinua kidevu kwenye mwanga. Hapo niliona haya, kwa sababu nilikuwa na ndevu kidogo nilizong'oa kwa siri. Akasema, na musaidizi akasema nyuma yake: "Hakuna mutoto, mama. Hakuwako. Mayai yako hayatoki kwa wakati wake, ndiyo sababu damu inapotea. Na hizo ndevu zinatoka kwenye ugonjwa huohuo. Si uchawi, si kosa lako." Niliuliza dawa. Akasema kwake hakuna. Wengine wanapata mimba wenyewe baada ya miaka, wengine hapana. Nilipozeeka, munganga mwingine aliniambia jina la ugonjwa ule, jina refu la Kifaransa, akaniambia wanawake wenye ugonjwa ule ni wengi sana. Lakini siku ile nilijiona niko peke yangu duniani.

Nje bwana yangu alisimama haraka. "Wamesema nini?"

"Wamesema tungojee."

Njia nzima alipiga miluzi.

Kesho yake nilimuambia mama mukwe ukweli. Tulikuwa tunachagua maharagi. Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Najua hayuko. Hata bwana yako hakulala popote, mutoto wangu. Nilikaa bila mimba, mwaka wa nne ikaja, basi. Mama mukwe wangu ndiye alinifundisha kusema analala. Nikaponea hapo. Na wewe nimekuponyesha. Sasa nyamaza."

Nilimupenda na nikamukasirikia palepale. Miaka yote ile ya majani machungu! Miaka ya kuongelesha ukuta! Angalau angeniambia pembeni, mimi na yeye, tuseme uongo wawili. Nilibeba hasira yangu siku kumi, nayo ikaiva.

Baba mudogo akaja na wazee wawili. Desturi yetu ni hii: siku ya kuhukumu ndoa, mwanamuke anayehukumiwa hagusi vyungu. Anakaa karibu na mulango, na chakula kinaletwa na mwingine, kwa sababu nyumba si yake tena mpaka neno liishe. Nikakaa mulangoni. Mama mukwe akaanza: "Mutoto analala, lakini juzi amegeuka..."

Nikasimama. "Hakuna mutoto! Hakuna aliyelala. Munganga amesema. Tumbo langu ni tupu na mugongo wangu ni mugongo tu. Nimechoka kunywa majani. Mukitaka kunirudisha, munirudishe mimi, musimusingizie mutoto."

Baba mudogo akapiga paja: "Nilisema mimi!" Mama mukwe akajifunika uso. Wote wakamugeukia bwana yangu. Aliangalia mikono yake. Halafu akasema, bila kuniangalia: "Wageni wako na njaa. Bibi yangu, leta chakula."

Mimi, niguse vyungu! Wazee walielewa mara moja. Baba mudogo akainuka bila kunawa, akatoka, na tangu siku ile hakukanyaga tena kwetu, wala kutuita kwenye harusi, wala kwenye kilio. Mama mukwe ndiye alinawa wa kwanza, akala huku machozi yanamutoka. Niliishi na bwana yangu miaka thelathini baada ya hapo, na mutoto hakuja.

Lakini jioni ile, jua bado liko juu ya ziwa, nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilishinda! Nilisugua sahani nikiimba, mwili mwepesi, hata mugongo ukawa mwepesi. Halafu nikaona bwana yangu haonekani. Nilimukuta nyuma ya nyumba, kwenye maharagi, ameketi juu ya jiwe, kofia iko magotini, analia bila sauti.

"Unalilia baba yako mudogo?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Siku ile ya hospitali. Ungeniambia njiani."

Nilitaka kumuambia kwamba niliogopa. Nilitaka kumuambia kwamba nilifikiri na yeye anajua, kama mama yake, kwamba wote tunasema tu. Sikuweza, maana nilimuona uso.

"Nilikuwa nimeishamupatia jina," akasema.

Nikamuuliza jina gani. Alijifuta na kofia, akanitajia. Lilikuwa jina la musichana.