Mashine Iliyosemwa Imechoka

Pale kwenye maabara ya chuo walimwita Mama Presha, na jina la kwenye kitambulisho likasahaulika. Kazi yake ilikuwa kuwapima watu waliokubali kusumbuliwa makusudi. Mtu anazamisha mkono kwenye ndoo ya maji ya barafu, au anahesabu kurudi nyuma kutoka elfu moja huku amekodolewa macho, na mashine inasoma presha yake inavyopanda. Watu wa fizikia walitaka kujua wimbi la damu husafiri vipi mishipani. Watu wa tiba walitaka kujua mwili huvumilia hadi wapi. Mama Presha alitaka tu viti virudishwe mahali pake.

Kila asubuhi, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia, alijifunga mkanda wa mashine mkononi, akabonyeza, akaandika namba kwenye daftari. Ndivyo alivyofundishwa kuhakikisha mashine haijaharibika. Wenzake walimtania kuwa huyo ndiye mume wake wa pili, naye akawajibu kwamba huyu walau hakoromi. Hapo alikuwa ameshafanya kazi ya siku nzima: amemwogesha na kumlisha mama yake aliyepooza upande mmoja, amefua mashuka, ameteremka ghorofa nne. Uchovu wake haukuwa ule wa kuondoka kwa usingizi. Alikuwa na kaka wawili, hodari wa kupiga simu na kusema pole.

Jumatatu moja mtafiti aliyeongoza utafiti huo alimfuata na lile daftari.

"Mama, mashine imechoka. Nimezipanga namba zako za asubuhi. Miaka mitatu iliyopita ilisoma mia na kumi na nane. Sasa mia na hamsini na sita. Inapanda kidogo kidogo, kila mwezi."

"Mashine hiyo haishikwi na mtu ila mimi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kama inadanganya, vipimo vya watu mia nne ni vya kutupa. Na wakubwa watauliza nani alikuwa anaitunza."

Kazi hii ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa za mama, na aliyeharibu utafiti haongezewi mkataba.

Wakaiunganisha mashine na bomba la kioo lenye zebaki, chombo cha kizamani kisichojua kudanganya, wakajaza hewa. Zebaki ikisema themanini, mashine nayo themanini. Zebaki ikisema mia na sitini, mashine mia na sitini. Walirudia mara tatu.

"Si nilikwambia?" Mama Presha alipumua. "Nzima kabisa. Unaniweka roho juu bure." Akakunja mipira ya hewa na kuanza kufuta meza.

Mtafiti hakufurahi. Aliangalia daftari, akauangalia mkono wa mama yule, akarudi kwenye daftari.

"Mama, hizi namba ni za nani?"

"Za mashine," alijibu upesi. Kisha kitambaa kikatulia mezani. Miaka mitatu watu wasomi walilipitia daftari lile, naye akiliandika kwa mkono wake, na hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya mkanda mlikuwa na mtu.

Mtafiti akamvutia kiti cha washiriki. Akachukua fomu yao na kusoma swali la kwanza.

"Nyumbani, mzigo ukikuelemea, nani hukusaidia?"

Mama Presha alikuwa amewauliza watu mia nne swali hilo, akiwahimiza wajibu haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Sasa alitazama sakafu. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka kwenye ndoo. Mlangoni, mshiriki wa kwanza alikuwa akibisha hodi kwa mara ya pili.

"Andika hakuna," alisema. "Halafu mfungulie huyo, ametoka mbali."